Pumzi ya Chumba cha Saba

Kinshasa, 4 Machi 2024

Dada Espérance,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na kelele. Nakuandikia kwa kalamu, kama tulivyoandikiana wakati wa likizo za shule, kwa sababu tangu mnara wa simu wa mji wenu wa Baraka uungue sina njia nyingine ya kukupata. Cha kuchekesha ni kwamba nyumba yako ya ofisi za serikali inanipata. Ile sahani ndogo juu ya paa haibebi barua za watu, lakini inaendelea kupokea amri zangu na kuniletea hesabu kila siku: joto la kila chumba, umeme uliotumika, idadi ya watu waliomo. Kwa hiyo najua kwamba Ijumaa ulichelewa kazini, maana biro yako, ofisi ya msimamizi, ilibaki giza mpaka jua lilipopanda. Usinikasirikie. Serikali imeniajiri niitazame nyumba, si wewe.

Wakubwa wa wizara wanafurahi. Majengo haya yenye akili ni machache nchini, na hilo lako ndilo pekee lililojengwa mahali ambapo hata nguzo moja ya umeme haipo. Likiweza kujitunza kwa jua tupu, wanasema, mengine yatafuata. Wewe ndiye msimamizi wake, kwa hiyo sifa ni zako pia.

Nina jambo dogo na jambo kubwa. Dogo ni chumba cha saba, kile cha juu upande wa ziwa ambacho kinangoja makabati. Kinaniambia kina mtu mmoja, mchana na usiku, hata Jumapili. Panda ukaangalie.

Kubwa ni mama yangu. Tangu kijiji chetu nyuma ya Minembwe kihamwe mwezi wa kwanza, sijasikia neno. Gasore, mtoto wa baba mdogo, amefika Bujumbura, naye anasema walipotezana na mama msituni. Wewe unamjua mama Bazubagira. Ulikunywa maziwa yake likizo nzima na alikuita binti yake. Tafadhali, waulize wanaoshuka kutoka milimani. Uliza kwa busara, najua jinsi watu wetu, wafugaji wa milimani, wanavyowindwa huko.

Kaka yako,
Éliezer


Baraka, 15 Machi 2024

Kaka Éliezer,

Jacques wa lori amenipa barua yako ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa mate ya mtu. Ujue hivyo. Vizuizi vimekuwa vingi barabarani kutoka Mboko mpaka hapa, na vijana wenye bunduki wanapenda kusoma. Andika kama vile unamwandikia kila mtu.

Ijumaa sikuchelewa, nilikwenda kununua samaki. Hiyo nyumba yenu ni mbea. Watu hapa wameipa jina la Madame, kwa sababu inakutazama kuanzia miguuni mpaka kichwani kabla ya kukufungulia. Unakumbuka Vainqueur, mlinzi wetu, alivyolala kwenye kiti cha chumba cha mikutano, Madame akaona hajigeuzi, akahesabu kwamba hakuna mtu, akazima taa na kumfungia? Mpaka leo akiwa zamu anapunga mikono hewani kama mtu anayefukuza nzi. Ile pua uliyoiongeza baadaye, ya kunusa pumzi, hataki kuiamini.

Chumba cha saba nimepanda kukiona. Hakuna kitu. Kuta, kioo na sakafu. Labda ni joto la ziwa linalomchanganya Madame. Achana nacho. Lakini nikuambie ukweli, watu wameanza kusema. Jioni taa yake inawaka yenyewe, na wanawake wanaotoka kufua ziwani wanavuka barabara ili wasipite chini yake. Juzi nilimwambia Vainqueur apande kufagia. Alishika ufagio, akasimama kwenye ngazi ya kwanza, akarudi.

“Mama, miye siende kule yulu,” aliniambia. “Ile taa inajua muntu anakuya. Iko inamungojea.”

Kuhusu mama yako, nimeuliza. Hakuna aliyeweza kuniambia lolote la kukuandikia. Usilie bado.

Espérance


Kinshasa, 27 Machi 2024

Dada Espérance,

Asante kwa kuuliza. Nimekusikia na ninaandika kama ulivyosema.

Nimekaa na hesabu za chumba cha saba wiki nzima, na sasa hata mimi sitaki kuzitazama nikiwa peke yangu ofisini. Nikueleze kwa lugha nyepesi. Nyumba ina macho na pua. Macho yanaona kitu kinachosogea. Pua inanusa hewa, kwa maana mtu akipumua ndani ya chumba hewa inabadilika. Katika chumba hicho macho hayaoni kitu tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mkono hausogei, kichwa hakigeuki. Lakini pua inanusa pumzi, ndogo, sawasawa, bila kukatika. Giza likishaingia, macho yanaona kitu kidogo kikielekea mlangoni, mlango unafunguka, kisha kinarudi na kutulia tena.

Niambie, ni mtu gani anaweza kukaa kutwa nzima asijikune hata mguu? Mgonjwa hujigeuza. Mtoto ndiyo kabisa. Hata aliyelala hujinyoosha. Nimemwonyesha mwenzangu hapa, akacheka, akasema kifaa kimeoza kwa unyevu wa ziwa. Nataka kumwamini. Lakini kifaa kilichooza hakiendi mlangoni.

Mpe Vainqueur funguo na uongozane naye, mpande nyote wawili mchana. Wizara imeanza kuniuliza kwa nini chumba kisicho na hata kiti kinakula umeme wa hewa baridi na taa kuliko biro ya ardhi. Wajumbe watakuja kukagua mwezi wa tano, na wanataka hesabu safi.

Wazee wetu wa hapa Kinshasa walikuja nyumbani Jumapili. Wanasema umefika wakati wa kumkalia mama kilio. Niliwapa soda, nikawaambia sina habari ya kifo, nina ukimya tu. Waliondoka bila kunibishia, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza.

Éliezer


Baraka, 8 Aprili 2024

Kaka,

Tulipanda, kama ulivyoagiza. Nilimchukua Vainqueur, yeye akamchukua mchungaji wake. Walifika kwenye kona ya ngazi, si zaidi. Mchungaji aliomba kwa sauti kubwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kibembe, na wakati anasema amina, kule juu taa ikawaka. Vainqueur aliruka ngazi zote. Mchungaji alishuka kwa heshima yake, polepole, lakini Biblia aliisahau na hajaifuata. Mimi niliendelea peke yangu, nikafungua, nikatazama, nikafunga. Hakuna mtu. Andika hivyo kwenye karatasi zako.

Sasa mji mzima umeshajua. Hakuna anayekaribia ngazi ile. Hata wale vijana wenye bunduki, walioingia Jumanne kutafuta sijui nani, walikagua vyumba vya chini tu. Mmoja aliuliza kuna nini juu. Vainqueur akamwambia. Wakatazamana, wakaondoka. Kwa hiyo unaona, hata mzimu ana kazi yake serikalini.

Nakuomba kitu kwa urafiki wetu, Éliezer. Kiache chumba cha saba kama kilivyo. Kiwe na taa, kiwe na hewa, na mlango uendelee kufunguka. Umeme ni wa jua, na jua halitumi ankara. Waambie wizara chochote. Wewe ni hodari wa maneno ya kitaalamu, waogeshe nayo.

Na swali lingine, la kupitisha muda. Mama yako akiwa mnyonge, zamani, alipenda kula nini? Nilijaribu kukumbuka juzi nikashindwa.

Espérance


Kinshasa, 20 Aprili 2024

Dada yangu mpenzi,

Swali lako lilinifanya nitoke nje nikasimame uani. Nimeelewa ulichotaka, unifanye nimkumbuke akiwa hai, na umefaulu. Mama akiwa mnyonge alikula uji wa mtama uliochanganywa na maziwa ya mgando, usio na chumvi, uliopoa. Samaki hali kabisa. Watu wa ziwani mtamsamehe, harufu yake tu humfanya afunge mdomo na kugeukia ukuta. Alikuwa akisema ng’ombe hukutazama machoni kabla hujamla, lakini samaki hukutazama baadaye.

Nina habari njema kwako. Nimesoma barua yako mara nyingi, na nimeona jinsi unavyojifanya kucheka. Unapanda ngazi zile peke yako, mji mzima unakutazama wewe kama mwenye nyumba ya mizimu, na umeanza kuniomba nimtunze mzimu mwenyewe. Nilijilaumu. Mimi ndiye niliyeijenga akili ya nyumba hiyo, na ni kazi yangu kuiponya.

Basi nimeiponya. Wizara nao walikuwa wamenibana. Tangu Jumatatu asubuhi nimekiwekea chumba cha saba amri kutoka hapa: hakina mtu. Vifaa vyake viseme vinavyotaka, nyumba haitavisikiliza. Taa haitawaka, hewa imezimwa, mlango umejifunga na utabaki hivyo mpaka makabati yafike. Nilitazama hesabu kwa siku kadhaa. Sufuri, sufuri, sufuri. Umeme wa jengo zima umeshuka na mkubwa wangu amenipa mkono.

Sasa pumzika. Mwambie Vainqueur mzimu wake amehamishwa kwa amri ya serikali.

Kaka yako,
Éliezer


Lubondja, 21 Aprili 2024

Éliezer,

Barua hii haiji na Jacques. Ameibeba mama Pulchérie, muuguzi, ndani ya mkunjo wa kitenge chake, na ameniapia kwamba ataipeleka mwenyewe Bukavu na kumkabidhi mtu wa ndege. Kwa hiyo leo naandika ukweli.

Mama yako yuko hai. Yuko kwenye chumba cha saba.

Nilimkuta mwezi wa pili nyuma ya soko la Baraka, amekaa kati ya magunia ya makaa, amejifunika kitenge cha sisi Wabembe, ambacho mtu mwema alimpa njiani ili asitambulike. Nilimpita. Nilirudi kwa sababu ya mikono yake. Hakuniita jina, alinitazama tu, kisha akatazama chini ili nisije nikapata shida kwa kumjua. Kwangu hakukaliki, vijana wanaingia bila hodi na majirani wana masikio, na mama akifungua mdomo tu kila mtu anajua ametoka wapi. Nikafikiri, ni wapi Baraka ambapo hakuna mtu anayependa kuingia? Kwa Madame.

Usiniulize kwa nini sikukuambia. Barua zako zote zilifika zimefunguliwa. Kila ulipoandika kuhusu yule mtu wa chumba cha saba asiyejigeuza, nilikuwa nikiogopa na kucheka pamoja. Uliuliza ni mtu gani anaweza kukaa hivyo. Mtu aliyejificha, Éliezer. Alikaa msituni na wenye bunduki wakipita karibu kiasi cha kusikia wakitafuna. Amejifunza. Mimi mwenyewe nikiingia, kwenye chumba kitupu, simwoni mara moja. Naona ukuta kwanza, halafu ukuta unakuwa na macho. Mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele.

Nyumba yako inamtunza kuliko ambavyo ningeweza. Inampa hewa baridi, inamwashia taa, na giza likiingia inamfungulia mlango aende bombani na chooni kwenye korido. Anaongea nayo. Anasema ni ng’ombe mkubwa aliyelala, anasikia anavyopumua. Mizimu yote ya mji huu nimeipanda mimi na kuimwagilia maji, ili watu wakae mbali.

Nilikuuliza anakula nini kwa sababu nilimpelekea vidagaa vyetu vya ndagala na bugali wiki nzima, akawa ananishukuru na kuviacha.

Sasa niko Lubondja. Baba mdogo aliyekaa huku alifariki, na mimi ndiye mkubwa kati ya watoto wa kaka yake, kwa hiyo siwezi kuondoka matangani kabla ya kuondoa kilio. Nilimwachia mama chakula cha siku chache, kwani maji anayo bombani. Halafu barabara ya kurudi Baraka ikafungwa kwa mapigano, na sijui itafunguka lini. Lakini sina hofu kubwa. Nimemkataza kubisha, kukohoa kwa nguvu, kuita mtu yeyote, hata iweje, mpaka asikie sauti yangu. Na maadamu nyumba inamhesabu, ana hewa na mlango, nami nalala.

Usikiguse chumba cha saba. Nakusihi. Kipindi cha utulivu kikija, Jacques ana ndugu mwenye mtumbwi wa injini anayeweza kumvusha ziwa mpaka Kigoma.

Espérance


Baraka, 30 Aprili 2024

Éliezer,

Nilirudi Ijumaa. Sijali tena nani ataifungua barua hii. Nilitembea kutoka Lubondja na wanawake wa mihogo, kwa njia za mashambani.

Chumba hakikuwa na taa. Mlango ulikataa mkono wangu. Kadi yangu ya msimamizi ilikuwa kama kipande cha bati. Nilimwita Vainqueur, na safari hii alipanda, kwa sababu ya sauti niliyomwitia. Tulivunja mlango kwa nguzo ya bendera.

Alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, mgongo ukutani, uso umegeukia kioo cha ziwani ambacho hakifunguki. Joto lilitupiga usoni kama la tanuru ya mkate. Alikuwa amekunja kitenge vizuri na kukiweka kando. Mlangoni hakukuwa na alama yoyote. Nilipapasa mbao kutoka juu mpaka chini nikitafuta hata ukucha. Hakubisha, Éliezer. Vainqueur alikuwa chini ya chumba kile kila siku, na angesikia, na hata kama angetoroka kwa hofu angekimbilia kwa watu. Lakini mimi nilimwambia asibishe hata iweje, naye alinitii.

Vainqueur alipiga magoti. Alinitazama.

“Kumbe alikuwa muntu,” alisema. “Mama, kwa nini haukuniambia kama ni muntu?”

Ni yeye aliyechimba kaburi. Tulimpeleka Mboko kwa gari la mihogo, nikamzika kwenye kiwanja cha familia yetu, karibu na bibi yangu. Niliwaambia watu ni dada ya mama yangu kutoka Kalemie. Niliomba maziwa kwa mtu mwenye mbuzi nikayamimina, sijui kama ndivyo mnavyofanya, nilitaka tu asilale na harufu ya samaki.

Niliporudi biro nilikuta barua yako ya tarehe ishirini mezani, ile yenye uji wa mtama. Nimeisoma nimesimama. Sijui nikuambie nini. Wewe ulifunga mlango, mimi nilikuwa nimeshamfunga mdomo. Nimetaka kukuchukia na nimeshindwa, na kujichukia nimeweza.

Espérance


Kinshasa, 3 Mei 2024

Espérance!

Mama Pulchérie ni malaika. Barua yako ya Lubondja imefika leo mchana na nimeisoma mlangoni. Nimekimbilia ofisini. Sikumwomba mtu ruhusa. Nimeiondoa ile amri kwenye chumba cha saba, hapohapo, na nikakaa mbele ya kompyuta nikiomba kama sijawahi kuomba tangu utotoni.

Mtu mmoja.

Inasema mtu mmoja, dada! Taa imewaka. Hewa imewaka. Mlango unaonyesha uko wazi. Macho hayaoni kitu kikisogea, lakini sasa najua kwa nini, na nimecheka peke yangu mbele ya watu. Ni yeye. Amekaa vilevile. Mwambie ajigeuze kidogo basi, kwa ajili yangu, nimwone.

Mwambie mimi ndiye niliyezima, kwa ujinga. Mwambie ndiye niliyewasha. Atakuwa ameteseka kwa joto, mpe maji, mpe uji. Umsaidie kuvuka haraka. Nitauza kila kitu nije Kigoma kumpokea.

Naandika vibaya kwa sababu nalia. Hii nayo inarudi kwa mama Pulchérie, si kwa Jacques.

Éliezer wake


Kinshasa, 18 Mei 2024

Espérance,

Barua yako ya tarehe thelathini imenifikia.

Nimekaa nayo. Sikwenda kazini, halafu nikaenda, kwa sababu kulikuwa na kitu nilichotakiwa kukitazama. Amri yangu iliizuia nyumba isisikilize vifaa, lakini haikuvizuia vifaa visihisi. Vyote viliendelea kuandika chini chini. Nilisoma pumzi za mama yangu. Jumatatu ile zilikuwa za kawaida. Kisha zikawa nyingi, kisha za harakaharaka. Giza lilipoingia macho yalimwona akienda mlangoni kama kawaida yake. Alisimama pale muda mrefu. Akarudi. Kesho yake akaenda tena. Sitakuandikia zilizobaki. Siku zilipokatika nilikuwa nikikuandikia juu ya uji.

Usijichukie. Ulimvisha, ukamlisha, ukamzika na watu wako. Mimi mwanawe nilimwona kwa miezi miwili, kila siku, nikamwita kifaa kilichooza.

Jambo moja tu. Tangu niiondoe amri, chumba bado kinahesabu mtu mmoja. Mwanzoni nilidhani ni mama, unajua. Sasa nimeelewa kwamba ni wewe, unakaa mahali pake. Umejifunza mpaka kutojigeuza. Nadhani hata pumzi unaibana, kwa sababu pua hainusi chochote, na sielewi nyumba inakuhesabu kwa kitu gani. Ninawasha kompyuta asubuhi nakukuta. Nikiondoka jioni nakuacha hapo. Asante kwa kumkalia kilio nisichoweza kuja kukikalia.

Lakini nenda nyumbani, dada. Ule. Utaugua.

Éliezer


Mboko, 1 Juni 2024

Kaka Éliezer,

Nimeisoma barua yako mbele ya nyumba ya mama yangu, mchana kweupe, na nimehamisha kiti nikae karibu na watu.

Si mimi. Sijaingia katika jengo lile tangu nilipomaliza kuandika ile barua ya mwisho. Nilimpa Vainqueur funguo, nikaja Mboko, na niko hapa nikipalilia mihogo. Nilirudi Baraka siku moja tu, wajumbe wa wizara walipokuja, na nilisimama uani. Walipanda mpaka juu. Walipiga picha. Mkubwa wao alisoma karatasi mbele ya watu, akasema kwamba mwezi wa nne jengo lilitunza umeme kuliko wakati wowote, na kwamba chumba cha saba kilikuwa mfano, nusu ya mwezi hakikutumia chochote. Watu walipiga makofi. Nilitoka kwenye geti nikapanda gari la Mboko.

Nilimuuliza Vainqueur kama kuna mtu anayelala kule. Alisema hakuna. Ule mlango tuliouvunja ameuegemeza tu, hataki kuutengeneza. Kila asubuhi anapanda, safari hii bila mchungaji, anasimama kizingitini na kusalimu.

“Naona taa inawaka,” aliniambia. “Basi naseme, jambo mama. Halafu nashuka. Siogopi tena. Naona aibu tu.”

Mimi ninaogopa, Éliezer. Si yeye ninayemwogopa. Ninaogopa kwamba bado ananingoja nimwambie anaweza kutoka. Nilimwambia akae kimya mpaka asikie sauti yangu, na nilipofika hakuweza kunisikia. Sina nguvu za kupanda zile ngazi na kumwita. Nimejaribu mara mbili kupanda gari la Baraka nikashuka.

Niambie nifanye nini.

Espérance


Kinshasa, 14 Juni 2024

Dada yangu,

Panda gari. Nenda na Vainqueur, nenda mchana, na umwite kwa jina, kwa ile sauti uliyokuwa ukimwitia ulipokuja kwetu likizo ukiwa na njaa. Mwambie mama Bazubagira kwamba barabara iko wazi na hakuna tena wa kumtafuta. Mwambie anaweza kukohoa. Nami nitakuwa hapa kwenye kompyuta siku hiyo, nikitazama. Kama akitoka, nitajua. Kama akipenda kubaki, ni nyumba yake, alilipia.

Jumamosi tulianza kilio. Wazee walijaa mpaka barabarani. Waliniuliza kaburi liko wapi, nikawaambia liko Mboko, kwa familia ya Kibembe, karibu na bibi yao. Kisha mzee mmoja ambaye ndugu zake waliuawa huko kwenu chini, ziwani, akaniomba jina lako, akaliandika kwenye kiganja chake ili asilisahau katika maombi.

Jana wizara wameniandikia. Wameona kwamba chumba cha saba kimeanza tena kula umeme, na kwamba nyumba inahesabu mtu ilhali ripoti ya wajumbe inasema ni kitupu. Wameniagiza nirudishe ile amri mara moja, au wampe kazi mtu mwingine. Amri yenyewe ni neno moja. Naweza kuliandika nimefumba macho.

Nimewajibu leo asubuhi, kwa maandishi, na kusaini jina langu na la baba yangu. Nimewaandikia kwamba nimekagua chumba cha saba na kifaa ni kizima. Chumba kina mtu.

Mwanawe,
Éliezer